Kwa nini mji wa jangwani huwa na nafuu ya joto mchana kuliko ardhi inayouzunguka

Msomaji mmoja, dereva mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi Al Ain katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ameuliza hivi: "Karibu kila alasiri natoka na lori jangwani, kusini mwa mji, nikirudi Al Ain. Kule kwenye mchanga kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi 48. Nikishaingia mjini, hasa kwenye barabara zenye miti karibu na mashamba ya mitende, kinashuka hadi 45 na pengine 44. Shuleni tulifundishwa kwamba mji una joto kuliko shamba kwa sababu ya lami, zege na moshi wa magari. Nani amekosea, mwalimu au gari? Na kwa nini nyumbani Tanga sikuwahi kuona jambo kama hili?"

Ndugu yangu, mwalimu wako alisema kweli, na unachokiona ukiwa kwenye lori nacho ni kweli, ingawa kipimajoto cha gari kina kasoro zake ambazo nitazieleza. Utata unatokana na mazoea yetu ya kusema "mji una joto" kana kwamba joto hilo ni sifa ya mji wenyewe, ilhali kinachopimwa siku zote ni tofauti kati ya mahali pawili: mji, na ardhi iliyo nje ya mji. Tofauti hiyo yaweza kubadilika bila kuongezwa hata tofali moja mjini, kwa sababu tu ardhi ya nje ni msitu, au shamba la mpunga, au mchanga mtupu. Kanuni uliyofundishwa ilijengwa juu ya uchunguzi uliofanywa zaidi katika nchi za mvua, ambako ukitoka mjini unakutana na majani mabichi. Ukiuchukua mji ule ule ukauweka katikati ya jangwa, mchana hesabu yaweza kugeuka kabisa, kisha jua likitua ikarudi kuwa kama mwalimu alivyosema.

Hata mtu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa vipimo vya miaka mingi aliziona pande zote mbili. Luke Howard, mkemia Mwingereza anayekumbukwa zaidi kwa kuyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo, alilinganisha joto la London na la mashamba ya pembezoni, na kuanza kuchapisha matokeo yake mwaka 1818. Alikuta kwamba usiku London ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 3.7 za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 2 za Selsiasi, lakini mchana mji ulikuwa na ubaridi kuliko mashamba, kwa nyuzi 0.34 za Farenhaiti. Tofauti ya mchana ni ndogo, na ndiyo maana vitabu vya shule huiacha, lakini imekuwapo kwenye maandishi tangu siku ya kwanza.

Ili kuelewa kinachotokea Al Ain inabidi tufuatilie jua linakokwenda baada ya kugusa ardhi. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, kila mita moja ya mraba ya ardhi iliyo sawa hupokea nguvu ya karibu wati 1,000. Sehemu ya nguvu hiyo hurudishwa juu papo hapo kama mwanga unavyorudishwa na ukuta mweupe. Inayobaki haina njia nyingi: yaweza kuingia ndani ya ardhi au kuta na kuhifadhiwa huko, yaweza kugeuza maji kuwa mvuke, yaweza kurudi angani kama mnururisho wa joto usioonekana kwa macho, au yaweza kuipasha hewa inayoigusa ardhi. Hilo la mwisho ndilo ambalo ngozi yako na kipimajoto chako hulihisi. Kwa hiyo swali la msingi kuhusu mahali popote ni kiasi gani cha jua kinabaki cha kuipasha hewa baada ya njia nyingine kuchukua fungu lake.

Sasa tuutazame mchanga. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba mchanga wa jangwani hurudisha mwanga zaidi kuliko lami. Mchanga mkavu wa rangi nyeupe huweza kurudisha theluthi moja hivi ya mwanga unaoupiga, wakati lami mpya hurudisha kama sehemu moja tu kati ya ishirini. Kwa hesabu hiyo peke yake, jangwa lingekuwa mahali pa nafuu. Lakini njia zake nyingine mbili zimeziba. Maji ya kugeuzwa mvuke hamna. Na njia ya kuingia chini ni finyu mno, kwa sababu kati ya chembe za mchanga mkavu kuna hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Mtu aliyewahi kuvuka ufuo mkavu pekupeku saa saba mchana anajua: juu panaunguza, lakini ukichimba kidogo kwa kidole cha mguu unakuta ubaridi. Joto lote limekwama kwenye sentimita chache za juu. Ndiyo maana uso wa mchanga wakati wa kiangazi hupita nyuzi 60, na hewa inayoupitia hupashwa kama hewa iliyo juu ya kikaango.

Mjini, njia hizo zilizoziba hufunguliwa, na iliyo kubwa kuliko zote ni ya maji. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la megajuli 2.4 hivi. Ili kiasi hicho kieleweke, fikiria birika lenye lita moja ya maji ya bomba yenye nyuzi 20: joto la kuyakausha yote ni kama mara saba ya joto la kuyafikisha mahali pa kuchemka. Mti unapotoa mvuke kwenye majani yake unachukua joto hilo kutoka kwenye jua linaloupiga na kutoka kwenye hewa inayoupitia. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, mtende mkubwa unaotoa mvuke wa lita 100 katika siku moja ya kiangazi. Lita hizo zinaondoka na megajuli 240 za joto, sawa na yuniti 67 za umeme. Ukizigawanya katika saa 12 za mchana unapata kilowati tano na nusu, ambazo ni kama kazi ya viyoyozi viwili vya chumba cha kawaida vinavyonguruma bila kupumzika. Ubaridi huo husambaa hewani na mwingine huchukuliwa na upepo, hivyo usitarajie kukuta chini ya mtende mmoja hali ya chumba chenye viyoyozi viwili. Lakini maelfu ya mitende iliyo pamoja ni jambo jingine.

Na Al Ain ni mji wa mitende. Kabla ya lami na maghorofa palikuwa na vijiji vilivyozungukwa na mashamba, maji yakiletwa kutoka chini ya milima kwa mifereji ya falaj, ile ile wanayoitumia jirani zao wa Buraimi na Oman kwa ujumla. UNESCO iliiingiza mifereji ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na maeneo ya kale ya Al Ain pamoja na mashamba yake ya mitende mwaka 2011. Wale waliopanda mitende kwa safu, chini yake miti ya matunda, na chini ya matunda majani ya mifugo, walikuwa wakilima chakula. Lakini walikuwa pia wakijenga paa lenye tabaka tatu, ambamo jua huzuiwa juu kabisa na maji huvukizwa kila ngazi. Juu ya urithi huo mji wa kisasa umeongeza bustani, nyasi na miti ya kando ya barabara, inayonyweshwa kwa mabomba ya matone, na mengi ya maji hayo ni maji taka yaliyosafishwa. Ukiwa dereva umeyaona mabomba hayo meusi yakipita kwenye mashina. Nyuzi tatu au nne zinazopungua kwenye kipimajoto chako, kwa sehemu kubwa, zimetoka humo.

Jambo hili si la Al Ain peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wakiongozwa na Marc Imhoff, walichapisha uchunguzi wa joto la uso wa ardhi katika miji ya Marekani kwa kutumia vipimo vya setilaiti. Katika miji iliyojengwa kwenye ardhi ya misitu, wakati wa kiangazi mji ulizidi ardhi ya nje kwa wastani wa nyuzi 8 hivi mchana. Katika miji ya jangwani picha ilikuwa tofauti: ukitoka katikati ya mji joto lilishuka, likafika chini kabisa kwenye mitaa ya pembezoni yenye nyumba na bustani, kisha likapanda tena ulipoingia nyikani. Ungechora mstari wake ungepata umbo la bakuli. Naona matokeo hayo yanafundisha zaidi kuliko neno "mji" lenyewe, kwa sababu yanaonyesha kwamba mahali penye nafuu ni pale penye miti na maji, na kwamba katikati ya mji, kwenye majengo matupu, nafuu hiyo hupungua hata jangwani.

India nako kuna ushahidi wa aina yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya miji iliyochunguzwa huwa na uso wenye ubaridi kuliko mashamba ya jirani katika mchana wa kiangazi, kabla mvua za monsuni hazijaanza. Hakuna jangwa katika sehemu nyingi za nchi ile; kilichopo ni mashamba yaliyokwisha kuvunwa, udongo umeachwa wazi na kukauka, huku mjini miti na bustani zikiendelea kunyweshwa. Mazao yanapokuwa shambani na maji ya umwagiliaji yanapopita, mashamba yale yale hugeuka kuwa na ubaridi kuliko mji. Mji haukuhama wala haukubadilika. Ni shamba lililovaa na kuvua nguo yake ya kijani.

Sababu ya pili inahusu mawe na zege. Mwalimu wako alizitaja kama chanzo cha joto, na ni kweli, ila kwa saa fulani. Zege, tofauti na mchanga mkavu, hupitisha joto vizuri kuelekea ndani na huweza kulihifadhi kwa wingi. Kwa hiyo jua la asubuhi linapoupiga ukuta, sehemu kubwa humezwa na ukuta badala ya kuipasha hewa. Mchanga nje ya mji hauna ghala la namna hiyo, hivyo hupanda haraka tangu asubuhi. Matokeo yake ni kwamba kwa saa kadhaa baada ya jua kuchomoza mji hubaki nyuma, na hata miji ya Ulaya yenye mashamba ya kijani kandokando huonyesha ubaridi mdogo wa asubuhi kwa sababu hiyo hiyo.

Kivuli huongeza nguvu ya ghala hilo. Katika mtaa mwembamba wenye nyumba ndefu, jua hugusa kuta za juu na mapaa, na chini hufika kwa muda mfupi tu. Mji wa kale wa Fez, Moroko, umepimwa kwa makini kuhusu jambo hili, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba katika siku za joto kali kichochoro chembamba chenye kuta ndefu kilikuwa na ubaridi wa nyuzi 10 hivi kuliko mtaa mpana wa sehemu mpya ya mji ule ule, wakati wa kilele cha joto la mchana. Nyuzi 10 za hewa, bila umeme na karibu bila maji. Aliyepita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu saa nane mchana, kisha akatokeza kwenye uwanja wa wazi, ameuhisi ujuzi huo mwilini hata kama hakuwa na kipimajoto, ingawa pale pwani upepo wa bahari nao una sehemu yake. Nasikitika kuona kwamba miji mingi mipya ya nchi za joto inajengwa kwa barabara pana zisizo na kivuli, kana kwamba jua la huko ni la Ulaya ya kaskazini.

Sababu ya tatu ni ngeni zaidi kwa watu wengi, nayo ni ukwaruzo wa uso wa ardhi. Upepo unaopita juu ya kitu chenye vimo visivyo sawa huvurugika, na mvurugiko huo hulichukua joto kutoka karibu na ardhi na kulipeleka juu. Msitu ni mkwaruzo mkubwa, ndiyo maana hupoa vizuri. Nyika tambarare na mchanga laini hauna kitu cha kuuvuruga upepo. Mwaka 2014 watafiti walioilinganisha miji ya Amerika ya Kaskazini walionyesha kwamba hili lina uzito mkubwa kuliko ilivyodhaniwa: katika nchi za unyevu mji hulitupa joto lake juu kwa uzembe kuliko msitu uliofyekwa kuupisha, na katika nchi kame mji, kwa majengo na miti yake, hulitupa kwa ufanisi kuliko vichaka vifupi vya nyikani. Vumbi na moshi pia vyaweza kupunguza jua linaloufikia mji, lakini kwa Al Ain sioni haja ya kulitegemea jambo hilo, kwa kuwa vumbi la jangwani hufunika pande zote mbili.

Mpaka hapa nimezungumzia mchana tu, na ningekudanganya kama ningeishia hapo. Rudia safari yako saa nne usiku na utaona mambo yamepinduka. Mchanga uliojaa joto kwenye sentimita chache tu hulipoteza upesi kuelekea kwenye mbingu kavu zisizo na mawingu, na jangwa hupoa kwa kasi inayojulikana na kila aliyelala huko. Mji, kinyume chake, sasa unafungua ghala lake. Kuta na barabara zilizomeza joto tangu asubuhi zinalirudisha, na kwa kuwa ukuta mmoja unautazama ukuta mwingine badala ya kuitazama mbingu, joto linaloachiwa na mmoja hupokelewa na wa pili. Timothy Oke wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mmoja wa waliolijenga somo hili, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba joto la mji usiku linahusiana na urefu wa majengo ukilinganishwa na upana wa mtaa: kadiri mtaa unavyokuwa mwembamba na majengo yake marefu, ndivyo unavyoiona mbingu kidogo na ndivyo unavyochelewa kupoa. Kichochoro kile kilichokupa kivuli mchana ndicho kinachokuzuia usilale usiku.

Viyoyozi navyo vina hadithi inayofanana. Kiyoyozi hakiliui joto. Hulitoa ndani na kulimwaga nje, likiongezewa joto la umeme uliotumika. Ungetarajia madhara yake yawe makubwa mchana, wakati vinapofanya kazi kwa nguvu zote. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Phoenix, Arizona, ulikuta kwamba mchana nyongeza hiyo karibu haionekani kwenye hewa ya chini, ilhali usiku iliongeza zaidi ya nyuzi 1 katika baadhi ya sehemu za mji. Sababu ni kina cha hewa. Alasiri ya jangwani hewa hupanda na kushuka kwa nguvu na kuchanganyika hadi kilomita mbili au zaidi juu ya ardhi; usiku hutulia, na tabaka lililo juu ya mji hubaki la mita mia chache au pungufu. Chumvi ile ile ukiitia kwenye pipa la maji huisikii. Ukiitia kwenye kikombe, maji hayanyweki. Kanuni hii ya kina cha hewa ndiyo inayoeleza kwa nini karibu kila kitu ambacho mji hukifanya, kizuri au kibaya, huonekana zaidi usiku.

Sasa kuhusu gari lako. Kipimajoto cha gari huwekwa mbele na chini, karibu na lami na mara nyingine karibu na joto la injini, hivyo husoma juu kuliko joto halisi la hewa, hasa ukiwa umesimama kwenye foleni. Kwa upande wako kasoro hiyo inakwenda kinyume na unachokiona: nyikani unakwenda kasi na upepo unakipoza, mjini unasimama kwenye taa, na hata hivyo usomaji hushuka. Hilo linanipa imani kwamba tofauti yako ni ya kweli. Lakini angalia pia mwinuko. Al Ain iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na alasiri hewa kavu iliyochanganyika vizuri hupoa karibu uzi mmoja kwa kila mita 100 unazopanda. Ukitoka mahali palipo chini ya mji kwa mita 100, uzi mmoja kati ya hizo nyuzi tatu ni wa mwinuko, wala mitende haina sifa yake. Ndiyo sababu pia siupendi mfano wa Abu Dhabi au Dubai katika mjadala huu, ingawa hutajwa mara nyingi. Setilaiti huonyesha kwamba mchana katikati ya Abu Dhabi uso una ubaridi kuliko nje, lakini pale kuna bahari na upepo wake, na ni vigumu kutenganisha kazi ya bahari na kazi ya mji. Al Ain iko mbali na maji chumvi, na swali linabaki safi zaidi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu setilaiti zenyewe. Zinapima joto la uso, yaani paa, lami, mchanga na vilele vya miti, wala hazipimi hewa unayoivuta. Mchanga wa nyuzi 62 na kilele cha mtende cha nyuzi 44 vinatofautiana kwa nyuzi 18, huku hewa iliyo juu yao kwa kimo cha mtu ikitofautiana kwa nyuzi 2 au 3 tu, kwa sababu upepo huichanganya. Ukisoma habari kwamba mji fulani una ubaridi wa nyuzi nyingi kuliko nyika, tafuta kwanza kama ni uso au ni hewa, na ni saa ngapi. Setilaiti mbili zilizotoa sehemu kubwa ya takwimu hizi, Terra iliyorushwa mwaka 1999 na Aqua ya mwaka 2002, kwa miaka mingi zilipita juu ya mahali pamoja kama saa nne na nusu na saa saba na nusu, mchana na usiku. Saa nne na nusu asubuhi ni wakati ule ule ambao zege bado linameza joto na mji uko nyuma, hivyo picha ya asubuhi peke yake huupendelea mji wa jangwani.

Kuna jambo ambalo wewe kama mtu wa pwani utalielewa upesi kuliko wasomaji wengi. Joto lililochukuliwa na mvuke halikutoweka. Limo ndani ya mvuke huo, na mvuke uko hewani. Mtu aliyezoea Dodoma akifika Tanga hulalamika jasho halikauki, ijapokuwa kipimajoto kinasoma sawa. Ndivyo ilivyo, kwa kiasi kidogo, chini ya mitende iliyonyweshwa: hewa imeshuka nyuzi tatu lakini imeongezeka unyevu, na ukiipima kwa kipimajoto chenye kitambaa kilicholowa, kile kinachoonyesha jasho linaweza kukupoza kiasi gani, unaweza usikute tofauti yoyote. Nafuu ambayo mwili wako unaihisi pale kwa hakika zaidi ni ya kivuli. Jua kutokukupiga moja kwa moja ni sawa na kupunguziwa nyuzi nyingi, na kivuli hakiongezi unyevu. Kwa fundi anayejenga barabarani au kijana anayepeleka chakula kwa pikipiki saa nane mchana, ningechagua kivuli kwanza na umwagiliaji baadaye.

Hasa kwa sababu maji hayo yana gharama. Maji ya chini ya ardhi katika eneo lile yameshuka kutokana na kuvutwa kwa miongo mingi, na mifereji iliyokuwa ikitiririka yenyewe sasa inategemea pampu. Maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi yanahitaji nishati nyingi. Ubaridi wa mji wa jangwani, basi, umeazimwa: mabomba yakifungwa, mitende ikikauka, mji hautabaki na nafuu yake ya mchana isipokuwa ile ya kivuli cha kuta, na joto la usiku litabaki lote.

Ama kuhusu Tanga, hukuliona jambo hili kwa sababu ardhi inayoizunguka Tanga haina kiu ya jangwa. Ukitoka mjini unakutana na minazi, michungwa, mashamba ya mkonge na, ukiinua macho, milima ya Usambara yenye misitu. Ardhi hiyo inavukiza maji sehemu kubwa ya mwaka bila kunyweshwa na mtu, na mji hauwezi kuishinda kwa bustani zake chache. Upande wa pili iko bahari, inayopeleka upepo wake mjini na mashambani karibu sawasawa. Pale kanuni ya mwalimu wako inasimama mchana na usiku. Kama ungependa kuitafuta hali ya Al Ain ndani ya Tanzania, ningekutuma Dodoma mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, wakati mashamba ya uwele na mtama yamebaki udongo mwekundu mtupu. Hali ya huko inafanana na ile ya India niliyoieleza, na kwa sababu zile zile natarajia mitaa yenye miti iwe na ubaridi kuliko mashamba saa nane mchana, kisha mashamba yaushinde mji kwa ubaridi baada ya saa nne usiku. Chukua kipimajoto cha kawaida, si cha gari, kiweke kivulini kwenye kimo cha kifua, mbali na ukuta na lami, uchague mahali pawili penye mwinuko mmoja, na upime saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku kwa siku tatu mfululizo zenye jua. Fanya hivyo hivyo Al Ain siku utakayopata mapumziko, ukisimama mara moja mchangani na mara moja kando ya mitende, na uniletee namba hizo sita za kila siku pamoja na mwinuko wa kila mahali.